Wareno Wasiofika Goma

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Goma hadi Mombasa ni takriban kilomita 1,200. Ukigeukia upande wa pili, hadi Banana, pale mto Kongo unapomwaga maji yake baharini, ni zaidi ya kilomita 1,900. Katikati ya bahari hizo mbili mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, kando ya ziwa lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika karne ya 16 na ya 17 Wareno walikuwa na ngome Mombasa na mapadre Mbanza Kongo, lakini utawala wao haukugusa maji haya wala mlima huu. Hata hivyo mama wa soko la Birere anayepanga nyanya zake asubuhi anazipanga juu ya meza, na meza ni neno la Kireno. Mtoto wake anachota maji kwa kopo. Mitumbwi inayotia nanga Kituku kutoka kisiwa cha Idjwi imebeba nanasi. Ofisi ya serikali, yeyote aliyeishika, lazima itundike bendera. Maneno yote hayo yametoka midomoni mwa Wareno.

Yamefikaje? Jibu la haraka ni kwamba yalikuja na Kiswahili kutoka pwani, na jibu hilo ni kweli kwa nusu yake tu. Nusu nyingine ilikuja kutoka Atlantiki, ikapita kwenye Kikongo na Lingala, ikapanda mto. Njia hizo mbili zinakutana hapa. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndugu zetu wa Dar es Salaam na Zanzibar wamezoea kusema kwamba Kiswahili cha Goma kimeharibika kwa kuchanganyika. Anayesema hivyo hajauliza kimechanganyika na nini, wala tangu lini.

Njia ya mashariki inajulikana zaidi. Vasco da Gama alifika Mombasa, kisha Malindi, mwezi Aprili 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, akaendelea hadi Mombasa na kuichoma moto. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na ndani yake wakaweka kanisa. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Watu wa pwani walilisikia neno hilo kutoka nje ya kuta nene zenye mizinga, na wengi walioingizwa humo hawakuingia kusali. Gereza likawa jina la ngome yenyewe. Mpaka leo ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza, ingawa haifungi mtu. Waingereza walipoigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela rasmi mwaka 1895, neno lilikuwa limekwisha kufika huko kabla yao.

Jina la Wareno wenyewe lina habari ndefu zaidi, na ndiyo iliyonifanya nianze kufuata njia hii. Lugha nyingi zinaita nchi yao kwa jina linalofanana na Portugal. Kiswahili kinasema Ureno. Chanzo chake ni reino, ufalme. Kuanzia mwaka 1530 makao makuu ya Wareno kwa Asia na Afrika Mashariki yalikuwa Goa, na watu wa Goa walipozungumza juu ya nyumbani walisema o Reino, Ufalmeni. Kutokana na neno hilo walikuwa na kivumishi, reinol, wingi wake reinóis: mtu au kitu cha Ufalmeni. Nguo inayotoka Lisbon iliweza kuwa reinol, askari aliyeshuka melini juzi naye ni reinol.

Kivumishi hicho hakikuwa cha kueleza tu mahali mtu alipotoka. Kilipanga watu kwa daraja. Mwenye kuzaliwa India kwa baba na mama Wareno hakuwa reinol, aliitwa castiço. Mwenye damu ya pande mbili alikuwa mestiço. Vyeo vikubwa vilimwendea reinol, na yeye alijua hivyo, akatembea hivyo. Lakini waliokaa Goa miaka mingi walilitumia neno hilo hilo kumcheka mgeni: reinol ni yule asiyejua bado ale nini kwenye joto, asiyejua bei ya kitu, anayetishwa na kila homa. Kwa hiyo kivumishi kimoja kilibeba majivuno na dhihaka, na msikilizaji alipaswa kuutazama uso wa msemaji ajue ni kipi kati ya viwili.

Merikebu zilizotia nanga Mombasa, Kilwa na Malindi ziliongozwa kutoka Goa, na maneno ya Goa yalikuwamo ndani yake. Waswahili walisikia reino, wakatia m- ya mtu na u- ya nchi, wakapata Mreno na Ureno. Zile daraja za reinol na castiço hazikuwahusu. Aliyekuja na mzinga na kudai ushuru alikuwa Mreno, awe amezaliwa Lisbon au Goa. Na hapa kuna jambo la kutazama kwa makini: Kiswahili kimepokea kutoka kwa Wareno majina ya vitu mengi kweli, lakini vivumishi karibu hakuna. Tulichukua meza, kasha, pipa, parafujo, leso, mvinyo, karata pamoja na turufu yake. Hatukuhitaji neno lao la kusema kizuri, kikubwa au kibaya. Hayo tulikuwa nayo. Kivumishi cha reinol tulikiacha Goa; neno reino lililokizaa ndilo tuliloligeuza kuwa jina lao.

Waomani waliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696, na iliwaangukia Desemba 1698. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Maneno hayakufukuzwa. Yalikuwa yamekwisha kuingia jikoni, sebuleni na bandarini, na zaidi ya karne moja baadaye yakaanza kupanda bara kwenye vichwa vya wapagazi.

Msafara wa karne ya 19 uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulitanguliwa na kirongozi, na kirongozi alishika bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Mtu wa kijiji kisichowahi kusikia habari za Mreno aliliona neno kabla ya kulisikia: kitambaa chekundu kinachopanda kilima, nyuma yake mstari wa watu wenye mizigo, ngoma na bunduki. Bendera ilimwambia kwamba biashara imefika, na mara nyingi kwamba hatari imefika pamoja nayo. Misafara ilivuka ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema, ikajenga makao Nyangwe na Kasongo. Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip, alitawala biashara ya huko hadi Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akampa cheo cha gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Kiswahili cha Maniema, kilichoitwa Kingwana, kilizaliwa katika makao hayo, miongoni mwa watu waliotekwa, waliooa, waliobeba na waliouza. Ni lugha iliyotokana na maumivu mengi, na maneno ya Kireno yalikuwamo ndani yake bila mtu yeyote kuyatambua kuwa ya Kireno. Kwa mpagazi wa Kasongo, meza lilikuwa neno la waungwana wa pwani, basi.

Sasa tuhamie upande wa magharibi, ambako Wareno walitangulia kwa miaka kama 15. Diogo Cão alifika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482 au 1483 na kusimika nguzo ya jiwe. Aliuliza jina la mto, akajibiwa kwa Kikongo nzadi, yaani mto. Sikio la Kireno lilisikia Zaire, na ndivyo lilivyoandikwa kwenye ramani. Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa akaitwa João, na mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyetawala kwa jina la Afonso hadi miaka ya 1540, aliandikiana na wafalme wa Lisbon kwa Kireno, akilalamikia biashara ya watumwa iliyokuwa ikinyonya nchi yake. Kireno huko hakikuwa lugha ya mabaharia tu. Kilikuwa lugha ya barua za mfalme, ya shule na ya altare. Dom na Dona viliingia katika majina ya watu: Ndofunsu kwa Dom Afonso, Ndontoni kwa Dom António, na Ndona kwa mwanamke mwenye heshima, kama Ndona Beatriz Kimpa Vita aliyechomwa moto mwaka 1706 kwa mahubiri yake.

Watu wa Kongo hawakuwaita Wareno kwa ufalme wao. Walikata jina la Portugal, wakapata Putu, au Mputu. Mahindi yalipoletwa kutoka Amerika yaliitwa nafaka ya Putu. Jina hilo limeandikwa katika kitabu cha Filippo Pigafetta kilichochapishwa Roma mwaka 1591. Polepole Putu iliacha kuwa nchi moja ikawa Ulaya nzima. Katika Lingala imekuwa Poto, na kijana wa Goma anayesikiliza muziki wa Kinshasa analijua neno hilo vizuri. Akizungumza na nyanya yake atasema Bulaya, neno lililotoka kwa Waarabu wa pwani. Akiimba na wenzake atasema Poto. Yote mawili ni kule kule anakotamani kwenda.

Maneno ya Kireno ya pwani ya Atlantiki yalipandishwa na wafanyabiashara wa Kikongo, kisha na Wabobangi wenye mitumbwi yao mikubwa juu ya mto. Vituo vya Dola Huru ya Kongo vilipoanzishwa miaka ya 1880, lugha ya mto ilikua kuwa Lingala, na jeshi la Force Publique liliifanya lugha ya amri. Tangu hapo askari aliyepelekwa popote nchini alienda na Lingala yake, mke wake akaenda nayo sokoni, watoto wao wakaipeleka shuleni. Hivyo ndivyo Lingala ilivyofika Kivu, ikiwa na mesa, bendele, kopo, sapato ya mguuni, manteka ya kupaka mkate, na loso, ule mchele ambao Mreno anauita arroz.

Tazama yale matatu ya kwanza. Meza na mesa. Bendera na bendele. Kopo na kopo. Neno moja lilitoka Lisbon, likagawanyika. Nusu yake ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Goa na Mombasa, ikapanda na wapagazi. Nusu nyingine iliingia mto Kongo, ikapanda na wapiga makasia na askari. Baada ya karne nne hivi zimekutana Goma, na watu wanaozitumia wanaelewana bila kujua kwamba wanashika ncha mbili za kamba moja.

Zilikaribia kukutana mapema zaidi, kusini kwetu. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyetoka Bagamoyo mwaka uliotangulia, alifika Kilemba katika nchi ya Waluba. Mwenyeji wake alikuwa mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejulikana kwa jina la Juma Merikani. Karibu yake alikuwapo mfanyabiashara mwingine, José António Alvez, Mwafrika wa Dondo, Angola, aliyevaa nguo za Kizungu na kusema Kireno. Mmoja alitazama bahari ya Hindi, mwingine Atlantiki, na wote wawili walinunua pembe na watu kutoka kwa mfalme yule yule wa Waluba. Natamani kujua Juma na Alvez walizungumza nini walipokaa pamoja, na kama mmoja wao alitaja meza mwenzake akainua kichwa.

Goma yenyewe ilipata msafiri aliyeziunganisha bahari zote mbili kwa miguu yake. Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, aliondoka Pangani Desemba 1893 na wapagazi wa pwani. Alipita Rwanda, akaonana na mwami Kigeri Rwabugiri, na katikati ya mwaka 1894 akafika kwenye ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Kisha hakurudi alikotoka. Aliendelea magharibi kupitia misitu hadi kwenye mto, akateremka nao mpaka Matadi, akafika kabla ya mwaka kwisha. Vitabu vya shule humtaja kama Mzungu wa kwanza kuliona ziwa letu, na miaka michache baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani aliyevizima vita vya Majimaji kwa moto na njaa. Mimi nawafikiria zaidi wapagazi wake. Wao ndio waliolala chini ya volkano hii wakisema bendera na kasha na kopo kwa lafudhi ya Pangani, na wao ndio walioteremka mto wakasikia watu wasiowajua wakisema bendele.

Karibu na Birere kuna kibanda cha fundi mbao ambaye anapiga randa nje, kandokando ya barabara, vumbi la mkalitusi likimfunika viatu. Nilikuwa nimesimama pale mama mmoja aliposhuka kwenye pikipiki, akaweka kiganja juu ya meza ndogo isiyopakwa rangi bado na kuitikisa ajue kama inayumba.

“Papa, mesa oyo ntalo nini?”

“Meza hii, mama, ni dola makumi mbili na tano.”

“Kitisa mwa moke, papa.”

Fundi hakushusha bei. Alinyoosha mkono nyuma yake, akatoa kigoda cha mtoto kilichotengenezwa kwa vipande vilivyobaki, akakiweka juu ya meza. “Chukua na hiki. Ni matabishi.” Mama alicheka, akafungua pochi.

Yeye alisema Lingala mwanzo hadi mwisho, fundi Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemwomba mwenzake arudie. Matabishi, neno lililomaliza biashara, nalo ni la Kireno. Mata-bicho ni kuua mdudu: kikombe cha pombe kali ambacho Mreno wa Angola alikunywa asubuhi kabla ya chakula, eti kiue kilicho tumboni. Mwajiri alimpa mfanyakazi pesa kidogo ya kununua kikombe hicho, na jina likahamia kwenye pesa yenyewe. Kongo nzima limekuwa bahashishi, na sokoni kwetu ni kile kitu muuzaji anachokuongezea ili uondoke na moyo mweupe. Mswahili wa Mombasa ukimwambia matabishi atakutazama tu. Hilo lilikuja kwa njia ya mto, na limetua ndani ya Kiswahili cha Goma kana kwamba lilizaliwa humo.

Siasa nazo zilifuata njia hizo hizo. Oktoba 1971 Mobutu aliibadilisha nchi jina ikawa Zaire, katika siasa yake ya uhalisi, iliyowataka watu waache majina ya ubatizo ya kigeni na wachukue ya mababu. Jina alilochagua lilikuwa nzadi ya Wakongo kama ilivyosikika kwa Diogo Cão. Watu walilipenda hata hivyo, na wazee wengi hapa bado wanasema enzi ya Zaire kwa sauti ya mtu anayetaja ujana wake. Vita vilivyoliondoa jina hilo vilianzia mashariki. Goma ilianguka mapema Novemba 1996, na tarehe 17 Mei 1997 jeshi la Laurent Kabila, lenye kadogo, yaani askari watoto, wengi wasemao Kiswahili, liliingia Kinshasa. Safari hii Kiswahili ndicho kilichoenda magharibi, na nchi ikarudia kuitwa Kongo.

Na gereza? Goma watu wengi husema buloko wanapozungumza, na gereza wanapoandika au kusoma taarifa redioni. Munzenze, gereza kuu la mji, lilijulikana kwa msongamano wake muda mrefu kabla ya Januari 2025. Siku waasi wa M23 walipoingia mjini, tarehe 27 ya mwezi huo, wafungwa walivunja milango wakatoroka kwa maelfu. Sehemu ya wanawake ilishika moto, na wanawake wengi waliokuwamo walikufa, baadhi yao pamoja na watoto wao. Sitaki kulitaja neno hilo kana kwamba ni la makumbusho. Tangu Mombasa limekuwa jina la kuta ambazo watu wameumia ndani yake.

Charles Sacleux, padre aliyekusanya maneno ya pwani kwa miaka mingi, alichapisha Paris kuanzia mwaka 1939 kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa. Pwani ilipata bahati ya mtu kama huyo. Kivu bado inamhitaji wake. Chuo Kikuu cha Goma kina vijana wanaosema lugha nne kabla ya kufika darasani. Ni wao wanaopaswa kutumwa kwenye masoko ya Kituku, Virunga na Birere wakiwa na daftari, wakaandike nani anasema bendera na nani bendele, na matabishi inatolewa juu ya kitu gani. Tena waende haraka. Upande wa magharibi wa Kireno chetu uliletwa kwa sehemu kubwa na askari na familia zao, walioishi kambi ya Katindo na mitaa ya jirani kwa vizazi. Jeshi la Kinshasa liliondoka mjini Januari 2025, na familia nyingi zimetawanyika. Wajane na wastaafu waliobaki, wanaotaniana bado kwa Lingala kwenye foleni ya maji, wanaweza kueleza neno gani walilikuta hapa na lipi walilileta wao kutoka Mbandaka au Kisangani. Kazi ianze nao.